Uma Badala ya Reki

Ezati alikuwa dereva wa trekta, Mlugbara wa Maracha, mtu wa maneno machache ambaye grisi haikumtoka kwenye mistari ya viganja hata Jumapili kanisani. Kazi hiyo alifundishwa kwenye karakana iliyokuwa chini ya Kilima cha Arua, enzi spea bado zinapatikana madukani. Kufikia mwaka 1974 Wahindi wenye maduka hayo walikuwa wamefukuzwa Uganda, rafu zilikuwa tupu, na kila trekta lililokuwa bado linatembea lilitunzwa kama mgonjwa.

Trekta alilokabidhiwa mwaka huo lilikuwa la mwanajeshi mmoja ambaye watu wa Koboko walimwita Meja tu, na kwa sauti ya chini. Meja alikuwa amejipatia ardhi kubwa Midia, karibu na mpaka, na alitaka tumbaku iingie ardhini mvua za kwanza zikianguka. Dereva aliyekuwapo kabla ya Ezati alivunja gia. Alichukuliwa kwenda kueleza ilivunjikaje, na mkewe alikuwa bado anawauliza abiria wote waliotoka njia ile kama wamemwona. Ndiyo maana Ezati alipoitwa hakuuliza kazi ni ya muda gani. Alimwambia mkewe, Drateru, kwamba anakwenda Koboko, akakunja blanketi moja, akaondoka.

Kwanza ilibidi apitie Arua mjini, trekta lilikokuwa limepelekwa kutengenezwa gia. Mbele ya trekta kulikuwa na mikono miwili ya chuma iliyobeba kijiko kipana cha kuchotea udongo. Lakini kijiko peke yake hakisafishi pori. Kinalaza miiba tu, nayo husimama tena trekta likipita. Meja alikuwa ameagiza kitengenezwe kifaa cha kufungwa kwenye mdomo wa kijiko hicho, na kazi hiyo alipewa Hamuza, Mnubi mnene mwenye kofia ya kufuma, aliyechomelea vyuma uani kwake jirani na msikiti.

Ezati alikuta vifaa viwili vimeegemezwa ukutani.

"Hii iko uma," Hamuza alisema, akikanyaga cha kwanza kwa kiatu. Kilikuwa na meno manne marefu, yaliyonyooshwa kutoka kwenye springi za lori. "Unaingiza chini ya kisiki, unanyanyua, unabeba, unaweka kando. Kazi yake iko pole pole." Akahamia cha pili. Kilikuwa kipana kuliko kijiko chenyewe, na meno yake mafupi yalipinda mbele kama kucha. "Na hii iko reki. Unashusha, unakwenda. Mizizi, miiba, mawe, kila kitu nakuja."

"Meja anataka ipi?"

"Meja nataka shamba. Yeye hapana jua uma, hapana jua reki. Kopolo wake alileta maneno, akasema tu chuma ya kusafisha. Basi mimi nilitengeneza mbili." Hamuza alichukua nyundo akaligonga jino moja la reki, likalia kwa muda mrefu. Uso wake ulichangamka. "Lakini kama iko mimi, nafunga reki. Kazi safi kama hii hapana toka mkononi mwangu siku nyingi."

Ezati naye aliona hivyo. Reki ingemaliza shamba haraka, naye angerudi nyumbani haraka. Wakavipakia vyote viwili kwenye tela, pamoja na bolti na spana, na Ezati akashika barabara ya vumbi ya Koboko akiwa ameshaamua.

Alipofika Midia hakulikuta pori alilolitarajia. Miiba ilikuwapo, na visiki, na vichuguu vilivyozidi kimo cha mtu. Lakini katikati, sehemu kubwa kabisa ya ardhi ile, kulikuwa na muhogo. Ulikuwa umekomaa, vigogo vyake vinene, majani ya chini yamekwisha kuanguka. Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imewatupa mkono watu wa upande ule, mtama ukaungua, na kila familia ilijua kwamba chakula chake mpaka mavuno mengine kilikuwa mle ardhini.

Wanawake kadhaa walikuwa wakichimba kwa haraka, bila kuzungumza. Mmoja wao, mama wa makamo aliyejifunga leso kiunoni, alipoona trekta alisimama, akalifuata, akaja kusimama mbele ya kijiko. Jina lake lilikuwa Poni. Mumewe alizikwa kwenye ardhi hiyo hiyo.

"Baba, wewe iko dereva?"

"Ndiyo, mama."

"Walituambia tutoke. Mimi hapana kataa kutoka. Nyumba tumeshabomoa, tunakwenda kwa shemeji zetu, upande ya Zaire. Lakini walisema tuvune kwanza. Jana wanakuja wanasema, hapana, trekta iko njiani." Aliigeukia mihogo, akaitazama kama anayeipima. "Hii chakula tutabeba kwa kichwa. Inataka siku."

Ezati alizima injini. Nyuma yake alikuwa amesimama Kopolo Ladu, askari kijana mwenye bunduki, aliyewekwa pale kuangalia kazi na kumpelekea Meja habari. Ezati alishuka, akaenda kwenye tela, akasimama mbele ya vile vyuma viwili.

Alijua reki itafanya nini. Ingeshuka mwanzo wa shamba na kupanda mwisho wake, ikikomba miiba na muhogo pamoja, mizizi ikikatika na kuchanganyika na udongo, na yote yangesukumwa kwenye lundo moja na kuchomwa moto. Uma ungeshika kisiki kimoja, kichaka kimoja. Mahali pasipo kisiki usingekuwa na kazi. Mtu akiendesha kwa uma angeweza kuanzia pembeni kabisa, kwenye miiba, akazunguka, akaingia ndani kidogo kidogo, na wenye muhogo wakawa mbele yake siku zote.

Aliinama, akachukua bolti, akaanza kuufunga uma.

"Wewe," Kopolo Ladu alisema. "Ile ingine ndiyo kubwa."

"Ni kubwa, lakini udongo huu una mawe chini. Reki itang'oka meno." Ezati aliendelea kukaza nati bila kuinua kichwa, kwa sababu hakutaka uso wake uonekane. "Ikivunjika, Meja atatuuliza sisi wawili. Mimi niliyeendesha, na wewe uliyekuwa unaangalia."

Ladu alimfikiria dereva aliyetangulia. Yeye mwenyewe alikuwapo siku dereva huyo alipochukuliwa. Akatema mate, akasogea kivulini mwa tela.

Kazi ikaanza. Ezati alizunguka pembeni, akiingiza meno ya uma chini ya vichaka, akivinyanyua na udongo wake, akivibeba mpaka kwenye lundo na kurudi. Hakulegea wala hakupoteza muda, maana Ladu alikuwa anamtazama. Wanawake nao walichimba. Poni alikuwa ameita watu wa ukoo wake, wanaume kwa wanawake, na kila jua likipanda mstari wa vikapu ulionekana ukishuka bondeni kuelekea mpaka. Hakuna aliyepanga na mwenzake kwa maneno. Ezati akimaliza upande mmoja, wao walikuwa wameshamaliza kuuchimba ule unaofuata.

Mara moja tu hofu ilimfanya akosee. Ladu alikuwa amemwambia asubuhi kwamba Meja ameuliza mbona moshi wa kuchoma bado hauonekani. Ezati akataka kuonyesha kazi kubwa. Akaingiza uma chini ya kisiki kinene kilichokuwa kwenye mteremko, akakinyanyua juu kuliko ilivyotakiwa, akageuza. Uzito ukahama. Alihisi kiti kinainuka chini yake, akageuka, akaona gurudumu kubwa la nyuma limeachana na ardhi na linazunguka hewani. Chini ya mteremko, Poni alikuwa ameinama na jembe, amempa mgongo.

Hakuweza kuruka, maana trekta lingeporomoka mpaka kwa Poni. Alirudisha fimbo ya kunyanyulia mikono ya trekta taratibu, taratibu sana, ingawa mwili wake wote ulitaka aisukume. Kisiki kikashuka, kikagusa udongo, gurudumu likaanguka chini kwa kishindo kilichomgonganisha meno. Poni aligeuka. Walitazamana. Kisha yeye akarudi kwenye jembe lake, na Ezati akakishika kisiki tena, safari hii chini chini.

Kilichomleta Meja hakikuwa moshi. Muhogo uliochimbwa mwanzo ulikuwa umemenywa na kulowekwa, na watu, kwa kutoweza kubeba wote ukiwa mbichi, walikuwa wameuanika kwenye mwamba ulio juu ya njia. Mwamba ukawa mweupe. Mtu aliyepita barabarani aliweza kuuona kutoka mbali, na mtu mmoja aliyepita alifika Koboko akasimulia kwamba watu wa Midia bado wanavuna.

Landirova ilikuja katikati ya asubuhi. Wanawake waliisikia kabla ya Ezati. Alipoinua macho shamba lilikuwa tupu, vikapu vimeachwa vimelala. Meja aliteremka, mtu mfupi nadhifu, buti zinang'aa. Nyuma alikuwa amekaa Hamuza, kofia mkononi, jasho likimtiririka. Walikuwa wamemfuata Arua bila kumwambia kwa nini.

"Dereva," Meja alisema. "Hii kazi kwa nini haiishi?"

"Afande, kuna visiki vingi."

"Fundi alitengeneza reki. Mimi naona reki iko kwa tela. Nani alikuambia kuacha reki?"

"Kuna mawe chini, Afande. Niliogopa itavunjika."

Meja alimgeukia Hamuza. "Wewe. Umenitengenezea kitu ya kuvunjika?"

Lilikuwa swali lisilo na jibu zuri. Akisema reki ni dhaifu, ameiba chuma cha Meja. Akisema ni imara, dereva ni mwongo. Hamuza alimtazama Ezati, kisha akautazama mstari wa vikapu vilivyolala kati ya mihogo, na hapo ndipo alipoelewa alichoitiwa.

"Reki iko nzuri, Afande," alisema polepole.

"Basi funga. Sasa hivi."

Waliifunga pamoja, wamepiga magoti pande mbili za kijiko, vichwa vimekaribiana. Hawakuthubutu kunong'ona, kwa sababu Ladu alisimama juu yao. Nati ilimponyoka Ezati, na Hamuza akaiokota akampa.

Ezati alipanda. Aliomba kwa Kilugbara, kwa kifupi, apate jiwe. Akaishusha reki mwanzo wa ukanda wa muhogo, akatia gia, akaenda. Hakukuwa na jiwe. Meno yaliingia ardhini kama kwenye ugali, mashina yakalala, mizizi ikapasuka na kutokeza myeupe, na nyuma yake ukabaki udongo mtupu uliochanwa vizuri kama kichwa cha mtoto. Aliposimama mwisho wa ukanda alijua kwamba kila mtu pale ameona.

Alizima injini. Meja alikuja akitembea, hana haraka.

"Mawe iko wapi?"

Ezati alishuka akasimama wima. Ladu alishusha bunduki begani akaishika kwa mikono miwili.

"Afande, naomba," Hamuza alisema. Alikuwa amechuchumaa kando ya trekta, na kidole chake kilikuwa kwenye mpira unaopitisha mafuta ya kunyanyulia mikono ya mbele. Kidole kililowa. "Reki yangu iko na nguvu. Sasa ndiyo naona shida. Reki inavuta shamba yote mara moja, na hii mpira imezeeka. Tazama, inatoa jasho. Safari moja tu. Ukienda safari kumi inapasuka, na pampu inakufa."

"Utaweka ingine."

"Ingine iko wapi, Afande? Mimi nimetafuta Arua yote. Watu wanatafuta mpaka Kampala. Hakuna."

Mpira ulikuwa unavuja kweli. Ulikuwa ukivuja hivyo tangu Ezati alipolipokea trekta, na ungeweza kuvuja hivyo mwaka mzima. Meja hakujua hilo. Alijua tu, kama kila mtu nchini, kwamba trekta likifa halina wa kulifufua. Aliutazama mpira, akaligusa lile tone la mafuta, akalisugua kati ya vidole. Injini ilikuwa ikipoa na kulia tik, tik.

"Sawa," Meja alisema mwishowe. "Rudisha uma. Wale watu ya vikapu, mimi hapana taka kuona tena hapa. Lakini huyu fundi atakaa hapa. Hapana rudi Arua mpaka kazi imeisha. Kama trekta inakufa, kwa reki au kwa uma, mimi najua mahali nyinyi wawili iko."

Hamuza akabaki Midia bila hata nguo ya kubadili. Alilala chini ya tela na Ezati, aliswali mbele ya trekta, na mchana alikuwa akikagua bolti ambazo hazikuwa zimelegea. Hadijah, mkewe, alikuja kwa lori la mzigo mpaka Koboko akiwa na chakula. Ladu alikipokea, akakifikisha, na hakumruhusu afike mwenyewe. Watu wa Poni walirudi siku iliyofuata. Sasa hawakuanika tena juu ya mwamba. Walibeba muhogo ukiwa mbichi, mzito, wakivuka na kurudi mpaka shingo zikavimba. Ladu aliwaona. Kuna wakati alikaa akiwatazama, kisha akaokota bunduki yake akaenda kukaa upande wa barabara, ambako yeyote angemkuta akilinda barabara.

Ukanda uliochanwa na reki ulipotea wote. Wanawake walijaribu kuokota vipande, lakini vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi.

Shamba lilikwisha mawingu yakiwa yameshaanza kujikusanya upande wa Zaire. Poni hakuja kuaga. Ezati alimwona kwa mbali akishuka bondeni na kikapu cha mwisho, mkono mmoja juu, na baada ya hapo hapakuwa na mtu.

Meja alipokuja kukagua alilitembea shamba lote, kutoka pembe hadi pembe. Karibu na katikati aliinama, akaokota ncha ya muhogo iliyovunjika, mbichi bado, yenye alama ya jembe. Akaja nayo mpaka kwenye trekta.

"Muhogo ya hapa ilikwenda wapi?"

"Wenyewe waliuchimba, Afande," Ezati alisema.

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Hakuna aliyewapa. Nilikuwa naanzia pembeni. Mimi niliwapisha."

"Na Kopolo?"

"Kopolo alikuwa analinda barabara."

Ladu alitazama mbele yake. Hamuza alikuwa ameshika spana, akaiweka chini bila sauti, kama mtu asiyetaka kukutwa na kitu mkononi. Ezati alihesabu kwamba amekwisha. Alishangaa kwamba aliyekuja akilini mwake hakuwa Drateru bali yule mwanamke mwingine, anayewauliza abiria.

Meja aliitupa ile ncha ya muhogo. "Toa ufunguo."

Ezati akautoa.

"Ondoka. Wewe na fundi. Kwa miguu. Nikikuona tena Koboko, utajua."

Hakuna aliyejua kwa nini aliishia hapo. Huenda shamba lilikuwa tayari na mvua inakuja, naye akaona hiyo inatosha. Huenda siku ile hakuwa na nafasi. Ezati na Hamuza hawakungoja kujua. Waliifuata barabara ya Arua, blanketi begani, bila kukimbia, maana anayekimbia hufukuzwa. Kila walipokaribia kona Hamuza aligeuka. Hawakuwa wamefika mbali waliposikia Landirova inakuja nyuma yao. Walisogea ukingoni, wakasimama wakiwa wameangalia nyasi. Gari likapunguza mwendo. Vumbi likawafikia kwanza. Kisha gari likawapita, Meja amekaa mbele, hakugeuza kichwa, likapotea.

Hamuza alikaa chini barabarani.

"Kwa nini uliutaja mpira?" Ezati aliuliza.

"Niliona vikapu. Nikaona uso yako." Hamuza alijifuta kwa kofia. Kisha, baada ya kupumua, akasema, "Lakini uliona reki? Shamba yote ile, hata jino moja hapana pinda."

Ezati alicheka mpaka akakohoa, na machozi yakamtoka, na ilimchukua muda kuyazuia.

Hakuendesha trekta tena wakati wa utawala ule wa wanajeshi. Alianza kwenda uani kwa Hamuza, kwanza kusaidia, baadaye kama mwenzake, na humo alijifunza kuchomelea majembe, baiskeli na milango. Tumbaku ya Midia ilipandwa na dereva mwingine. Habari za Poni alizipata sokoni Arua, kwa mama mmoja aliyeuza samaki wakavu kutoka ng'ambo ya mpaka: watu wale walikula mpaka mavuno, hawakuzika mtu kwa njaa.

Mwaka 1979 vita vya kuung'oa utawala huo vilipoufikia mkoa wao wa West Nile, Hamuza na Hadijah waliondoka mapema na lori lililokwenda Sudan, maana Wanubi walihesabiwa kuwa watu wa serikali ile. Ezati na Drateru waliwasaidia kupakia. Kwenye uwanja wa malori kulikuwa na watu wengi, wengine wakilia, wengine wakigombea nafasi. Hamuza alishika ubao wa lori, akamwambia Ezati mashine ya kuchomelea abaki nayo, aifunike isinyeshewe. Ezati akaitikia. Lori likaondoka, naye akarudi uani kutafuta turubai.